Kamba wa Macharia na Maji Laini ya Kiwandani

Mpendwa Mama Maximilla,

Naomba unisaidie, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu najua ukurasa wako ni wa wanawake walioachwa na wasichana waliodanganywa, na mimi shida yangu ni viumbe kumi na wanne walio ndani ya sanduku la kioo, lakini nakuambia ukweli kwamba hii imenikondesha kuliko shida yoyote niliyowahi kupata tangu nioe, na mke wangu amechoka kunisikia, na mtu ambaye ningemwambia ndiye yule yule niliyemdanganya.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina watoto wanne, kwetu ni upande wa Bungoma lakini kazi ndiyo ilinileta hapa Eldoret, katika kiwanda cha nguo ambacho sitakitaja, na kazi yangu ni maji. Watu wakisikia kiwanda cha nguo wanafikiria pamba na mashine za kufuma, hawajui kwamba maji yakiwa magumu rangi haishiki vizuri, kitambaa kinatoka na mabaka, na boila nayo inaota ukoko ndani, kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa kuyalainisha maji ya kisima kabla hayajafika kwenye rangi, na mtu huyo kwa miaka kumi na mmoja ni mimi. Nina tangi langu la chumvi linalofanya kazi hiyo, na nina chupa yangu ya maji ya sabuni ya kupimia: unatia tone moja moja ndani ya maji na kutikisa, na kama maji ni magumu yatameza matone mengi kabla ya kutoa povu, kama ni laini povu linakuja kwa tone la pili. Supavaiza huniita profesa wa maji, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuitikia.

Sasa rafiki yangu ana studio ya picha hapa mjini, nitamwita Macharia ingawa si jina lake, ni mtu wa Nyeri aliyekuja hapa kabla yangu, na ndiye alinipiga picha ya kipande, yaani kitambulisho, na ya harusi na za watoto wote wanne wakibatizwa. Dirishani pake, chini ya picha ya Rais na picha za maharusi, ana sanduku la kioo lenye urefu wa meza ya kupigia pasi, ndani kuna maji na mchanga na majani ya mtoni, na humo anafuga kamba wa maji baridi. Mama, sijui kama umewahi kuwaona. Si wale wa baharini wanaoliwa mahotelini, hawa ni wadogo, mkubwa wao hafiki urefu wa kidole changu cha mwisho, wana miguu mingi na sharubu ndefu, na aliwachota kwenye mto ulio karibu na Chepsaita miaka tisa iliyopita, kumi na wawili ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, na wale aliokuwa nao mwaka huu, sitini na wawili, wote walizaliwa hapo hapo dirishani, watoto wa watoto wa wale wa kwanza. Amewapiga picha kwa lenzi ya kuvuta karibu, na ana albamu yao ambayo huwaonyesha wateja hata wasiotaka.

Mwezi wa sita Macharia alianguka kutoka kwenye ngazi akitengeneza taa za studio, akapelekwa Nakuru akapasuliwa mgongo, akaambiwa atalala chali zaidi ya miezi mitatu. Kabla hajabebwa aliniita mimi, hakumwita ndugu yake, akasema, "Wangila, hawa nakuachia wewe, kwa sababu wewe unajua maji." Tukalibeba lile sanduku kwa mkokoteni mpaka kwangu. Akanipa masharti, kwamba nitumie maji ya mfereji, yale ya bomba, yalale siku mbili kwenye ndoo iliyo wazi mpaka harufu ya dawa iishe, nibadilishe mkebe mmoja tu kwa wiki, nisisugue kioo, na soksi ya mkewe iliyo kwenye kona ya sanduku nisiiguse. Nikasema sawa.

Mama, wacha nikuambie nilichokiona kwanza kabla ya kukuambia nilichofanya. Mimi maji nimeyashika kila siku kwa miaka kumi na mmoja na nilikuwa nafikiri maji ni kitu kitupu, ni kitu cha kupitisha rangi. Kumbe. Ukikaa mbele ya kioo asubuhi jua likiingia, unaona ndani ya mwili wa kamba kama unavyoona ndani ya glasi, unaona chakula kikishuka, unaona kitu kidogo nyuma ya kichwa kikipiga, kikipiga, nikahesabu nikashindwa, na hicho ni moyo. Kamba mama mwenye mayai anayabeba chini ya tumbo, na miguu yake ya nyuma haipumziki hata dakika, anayapepea mayai yake mchana kutwa, na nikikaribia anageuka kunitazama kwa yale macho yaliyosimama kwenye vijiti. Na siku moja niliona kamba amekufa, nikahuzunika, nikamtoa, kumbe ni koti tupu, ameliacha lote na miguu yake na sharubu zake na hata ngozi ya macho, na mwenyewe yuko chini ya jani amejificha, mpya. Nilikaa pale nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu niandikwe. Mimi ni mtu wa kanisa, nimesikia mahubiri mengi kuhusu kuzaliwa upya, lakini sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo mbele yangu.

Kwa sababu niliwapenda hivyo ndiyo nikataka kuwafanyia vizuri zaidi kuliko Macharia. Jumamosi ya kwanza nilileta chupa yangu ya sabuni nikapima maji ya sanduku, na yalimeza matone kumi na nane, kumi na nane, Mama, nikacheka peke yangu, nikasema huyu Macharia ni fundi wa picha, maji hayajui, anawalaza wanyama wazuri hivi katika maji ambayo mimi singekubali yapite hata kwenye gunia. Nikabeba maji laini kutoka kiwandani, majerikeni manne, nikamwaga yale yote ya zamani nikatia mapya, nikasugua kioo mpaka kikang'aa, na ile soksi nikaitoa nikaifungua, na unajua ndani kulikuwa na nini, maganda ya mayai ya kuku yaliyopondwa, takataka ya jikoni, nikaitupa. Nikapima tena, povu likatoka kwa tone la pili. Kutoka siku hiyo kila Jumamosi nilibadilisha maji yote, nikaokota yale makoti matupu nikatupa, na maji yalikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.

Wiki ya kwanza walikufa tisa. Nikafikiri ni safari ya mkokoteni. Wiki ya pili sita, na halafu ikawa kila wiki watatu au wanne, na vile wanavyokufa ndivyo vinanitesa, kwa sababu kamba anataka kuvua koti na anashindwa, unaona mstari mweupe umemzunguka mgongoni pale kichwa kinapokutana na mwili, anavuta, anavuta, analala ubavu, anakufa akiwa nusu ndani na nusu nje. Hata konokono waliokuwa humo nyumba zao zimekuwa nyeupe na zina matundu. Nimewazika wote kwenye shamba la sukuma wiki nyuma ya nyumba. Wamebaki kumi na wanne, na mmoja tangu Jumapili ana mayai.

Sasa uongo. Mke wa Macharia, nitamwita Muthoni, huenda Nakuru kila Ijumaa kumwona, na Alhamisi jioni hupita kwangu, haingii kwa sababu hawapendi hao wadudu, anasimama mlangoni na kusema, "Ameniuliza tena, ati watu wake wako aje?" Mara ya kwanza wale tisa walikuwa wameshakufa na nikasema wako sawa. Mara ya pili nikasema wako sawa kabisa. Mara ya tatu Muthoni akaniambia, "Baba Nyakio alicheka, unajua hajacheka tangu aanguke, endelea kumwambia hivyo," na mimi nikasema wanaongezeka, sasa ni sabini. Sabini, Mama, na wiki hiyo nilikuwa nimezika wanne. Sasa amewaambia wagonjwa wote wa wadi, amemwahidi daktari mmoja kwamba atampa kumi, na Alhamisi iliyopita Muthoni akaleta habari kwamba baada ya wiki nne anarudi nyumbani na anataka sanduku liwe dirishani siku hiyo hiyo.

Mke wangu Seline aliniambia, "Baba Kituyi, kamba ni kamba. Si uende Chepsaita uchote wengine? Nani atajua?" Jumamosi iliyopita nikaenda na ndoo na kikapu. Nikachota kama arobaini. Kwa mazoea nikapima na yale maji ya mto, yakameza matone kumi na saba, nikashangaa jinsi wanavyovumilia maji mabaya hivyo na bado wako wengi na wananenepa. Lakini nilipowatazama ndani ya ndoo nikashindwa, kwa sababu hawakuwa wale, nikawarudisha mtoni, nikapanda basi na ndoo tupu, na Seline akaniita mjinga.

Mama, nisaidie mambo mawili. Ni nini kinawaua, na mimi nimewapa maji bora kuliko yote Eldoret? Na je, nimwambie mgonjwa ukweli arudi kitandani, au nirudi Chepsaita nifanye moyo kuwa mgumu? Macharia husoma ukurasa wako huko wadi, kwa hivyo nimebadilisha majina.

Ni mimi Wangila (si jina langu),
Eldoret, 9 Septemba 1985

*

Bwana Wangila,

Sikukucheka. Nilicheka pale kwa Seline, basi, na yeye pia ana kosa lake nitalifikia. Lakini hayo majina uliyoyabadilisha hayakusaidii kitu. Studio ngapi hapo Eldoret zina kamba dirishani?

Nimejibu barua katika ukurasa huu kwa miaka saba na hii yako ndiyo ya kwanza kunifanya nivae viatu nitoke nje kutafuta jibu. Niliipeleka kwa Mwalimu Kabiru, anayefundisha kemia katika shule ya wasichana karibu na kwetu, mtu mkali, haamini magazeti. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye ile soksi aliketi chini, akasema neno moja la Kikuyu ambalo mhariri wangu hawezi kulichapa.

Kisha akanituma jikoni kwangu nilete birika. Huku tunatumia maji ya kisima, na ndani ya birika langu kuna ule ukoko mweupe unaoujua. Akaukwangua akautia kwenye glasi moja. Kwenye glasi ya pili akatia ganda la yai lililopondwa. Akakamua limau juu ya zote mbili, na zote mbili zikachemka povu sawasawa, kwa sauti ile ile ndogo, mimi nikiwa nimeinama sikio karibu na meza. Akasema, "Ni kitu kimoja hiki. Ni chokaa." Bwana Wangila, nimesugua birika hilo kwa miaka ishirini na tano nikiutukana ule ukoko. Kumbe nilikuwa nasugua kitu kile kile kinachomfunika kifaranga kabla hajaanguliwa. Nilirudi nyumbani nikaliweka birika mezani na sikulisugua siku hiyo, nikawa nalitazama tu, na mume wangu akaniuliza kama niko mgonjwa.

Sasa nisikilize. Koti la kamba limejengwa kwa chokaa hiyo. Duka la kuinunua hana, na shamba hana; anaivuta kutoka ndani ya maji anamoishi, kidogo kidogo, kwa mwili wake wote. Akishavua koti la zamani, lile jipya liko laini kama ngozi ya mtoto mchanga, na asipopata chokaa ndani ya maji haliwezi kukomaa. Asiye na nguvu hawezi hata kulipasua la zamani. Huo mstari mweupe ulioona mgongoni ndio huo. Alikuwa akijaribu kuzaliwa na hakuwa na cha kuvaa.

Na maji magumu ni nini? Wewe ndiye profesa, lakini wacha mwanamke wa magazeti akuambie. Ugumu wa maji ni hiyo chokaa. Tangi lako la chumvi linaikamata chokaa na kuacha chumvi mahali pake, na kitambaa kinafurahi, na boila inafurahi. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yako imekuwa kutoa mifupa ndani ya maji, na umeifanya vizuri sana, mpaka ukasahau kwamba kuna mtu anaihitaji. Ukawapa maji ambayo hayana kitu. Wala hukuishia hapo, ukayabadilisha yote kila Jumamosi. Mwalimu Kabiru anasema kamba akishtuliwa na maji mapya namna hiyo huanza kuvua koti kabla wakati wake haujafika. Makoti matupu uliyokuwa ukiyaokota, hao huyala, ndiyo akiba yao ya chokaa, nawe ukawanyang'anya. Ule ukijani uliousugua kwenye kioo ndio ulikuwa chakula chao. Konokono nao walikuonyesha kwa nyumba zao. Hata mto wenyewe ulikuambia, pale Chepsaita, matone kumi na saba, kamba wamejaa na wananenepa, na wewe ukauhurumia mto.

Kinachonikasirisha si kutojua. Mimi pia sikujua, mpaka limau. Kinachonikasirisha ni kwamba mtu aliyewaweka hai kwa miaka tisa alikuambia usiiguse soksi, na ulipoifungua ukaona maganda ya mayai hukujiuliza hata swali moja. Ulisema, huyu ni mtu wa picha. Maji ya mfereji ya Eldoret ni laini kidogo kuliko ya mtoni, kwa hivyo alikuwa akiyaongezea chokaa iliyopungua, kwa soksi ya mkewe. Bila tangi na bila chupa ya sabuni, aliwatazama tu kila siku mpaka akajua. Mwalimu Kabiru ameniomba nikuambie kwamba angependa kumpa huyo mtu mkono.

Haya, kazi. Leo hii acha maji ya kiwandani. Lakini usije ukamwaga haya uliyonayo na kutia magumu kwa mara moja, utawamaliza hao kumi na wanne kwa haraka hiyo hiyo iliyowaua wenzao. Chukua maji ya mfereji, yalaze siku mbili kwenye ndoo ya plastiki ambayo haijawahi kuona sabuni, rangi wala dawa ya ng'ombe, na usitumie chombo cha shaba, shaba ni sumu kwao. Kusanya maganda ya mayai, yachemshe, toa ile ngozi ya ndani, yakauke, yaponde, yafunge kwenye soksi safi ya nailoni na uirudishe kona ile ile. Soksi nyingine kama hiyo iweke kwenye ndoo, ili maji yaanze kupata chokaa kabla hayajafika kwa wenyewe. Kila siku toa mkebe mmoja wa maji ya zamani na uingize mkebe mmoja wa mapya, na usiyamwage: weka ndoo juu, chukua utepe wa kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, ncha moja ndani ya ndoo na nyingine juu ya sanduku, yadondoke polepole asubuhi mpaka mchana. Kitambaa nadhani unajua pa kukipata. Usitie magadi, usitie chumvi, usitie munyu wa majivu ambao mama yako angekushauri utie. Kioo usikisugue. Koti likivuliwa liache hapo lilipo.

Na chupa yako ya sabuni usiitupe, maana hiyo sasa ndiyo dawa yako. Pima kila jioni na uandike. Unataka povu lichelewe. Leo linatoka tone la pili. Likipanda tone moja kwa siku inatosha, likipanda zaidi punguza maji mapya. Ukifika kumi na nane umefika mahali Macharia alipokuachia, simama hapo. Yule mama mwenye mayai usimsumbue, usimpeleke mtu kumwonyesha, mwache apepee. Mwalimu hakuniahidi kwamba atapona, na mimi sikuahidi.

Kuhusu Chepsaita, hapana. Wale ni wa mtoni na wakae mtoni. Mama Kituyi, najua unasoma hapa: ulisema kamba ni kamba kwa sababu ulitaka mumeo ale chakula chake, nakuelewa. Lakini mumeo aliporudi na ndoo tupu hakuwa mjinga. Kati ya yote aliyoyafanya tangu mwezi wa sita, hilo ndilo la kwanza lenye akili.

Sasa tuje kwa mgonjwa. Umeniuliza kama ukweli utamrudisha kitandani. Bwana Wangila, yuko kitandani tayari, na huko ndiko ulikomwacha. Fikiria vizuri hizi wiki zote. Kulikuwa na mtu mmoja tu katika Kenya nzima aliyejua kinachowaua kamba hao. Alikuwa amelala chali Nakuru akitazama dari, hana kazi yoyote ya kufanya, na kila Ijumaa alikutumia swali. Kama Alhamisi ile ya kwanza ungemwambia Muthoni, "Mwambie wamekufa tisa," jibu lingerudi Jumamosi: rudisha soksi. Ungekuwa na hamsini na watatu leo. Maji yako yaliwaua tisa, na hilo ningekusamehe hata mimi nisiyekujua. Waliobaki, wote thelathini na tisa, waliuawa na neno "wako sawa."

Najua ulisema hivyo kwa huruma, na baadaye kwa aibu. Alicheka, ukataka acheke tena. Lakini yeye alikuachia kitu anachokipenda kwa sababu alikuamini, na wewe ukamwona ni mgonjwa wa kubembelezwa.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jibu hili nimelituma kwako kwa posta leo Jumatatu, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha yako, kabla halijachapwa. Gazetini litatoka Jumamosi ya wiki ijayo, na umeniambia mwenyewe kwamba huko wadi ukurasa huu unasomwa. Usiniandikie kuniomba nilizuie, sitalizuia. Usimtume Muthoni, amebeba uongo wako vya kutosha bila kujua, na yeye pia unadaiwa kumwomba radhi, tena mlangoni pale pale. Omba ruhusa kazini, panda basi wewe mwenyewe uende Nakuru. Ukifika usianze na habari za basi wala za hali ya hewa. Keti mahali anapoweza kukuona bila kugeuza shingo, umwambie idadi kwanza: wamebaki kumi na wanne, na mmoja ana mayai. Halafu mwambie ulichofanya, chote, mpaka soksi.

Anaweza kukutukana, na ana haki. Lakini namjua mtu wa namna hiyo, na nakuambia kabla hujashuka ngazi za hospitali atakuuliza umeyapima maji ukapata matone mangapi. Hapo ataanza kukueleza habari ya maji, polepole, tangu mwanzo, kama mtu anayemweleza mtoto. Utakuwa unayajua mengi ya hayo. Nyamaza umsikilize.

Mama Maximilla